Akiulizwa Mara ya Pili

Maneno yalianzwa na Maalim, na Maalim akianza huwa hatafuti wa kumkubalia. Alisema Wazanzibari wenyewe ndio waliolichakaza jina la ukimbizi, kwa hiyo wasilie leo vijana wao wakizuiliwa Ulaya na kuhojiwa kama wezi. Tulikuwa ukumbini Vuga, mjini Unguja, baada ya Isha, birika la kahawa katikati. Majina ya watu sikuyatia. Nawaita kwa kazi zao. Maalim alisomesha historia hadi alipostaafu. Wakili ni mwanamke kijana anayeshughulikia kesi za uhamiaji. Nesi, mwenye nyumba, amehudumia wagonjwa wa akili sehemu kubwa ya umri wake. Nahodha ni Mpemba wa Micheweni anayekaa Unguja, na Januari 2001 alivuka bahari usiku kwenda Shimoni, Kenya. Maneno yao nimeyapunguza na kuyapanga yasomeke. Palipo na rai yangu nimeitenga.

MAALIM: Mwana wa mtu kazaliwa Kikwajuni, kasoma Haile Selassie, kacheza mpira Mnazi Mmoja. Akifika Heathrow anasema yeye Msomali wa Barawa, nyumba yao imetiwa moto, babake kauawa. Babake yupo Darajani anauza vitenge! Wenyewe huko wanaita kujilipua. Na kwa nini Barawa? Kwa sababu Somalia imo vitani tangu 1991, na Barawa wapo watu wenye Kiswahili chao. Afisa wa Kiingereza ataijulia wapi tofauti? Waliojilipua walipata makaratasi, na leo Mbarawa wa haki, Mbajuni wa haki kutoka Kisimayu, akisema kweli haaminiwi. Niambieni nani kamdhulumu.

WAKILI: Aliyejilipua kamdhulumu, Maalim, hilo sikatai. Lakini na afisa usimwache akapita hivi hivi. Waingereza walipoona hawawezi kutofautisha, walikodi kampuni ya Sweden, Sprakab. Mtu anapigiwa simu, anazungumzishwa muda mfupi, maneno yanarikodiwa, halafu mchambuzi anaandika ripoti: huyu si wa Somalia, Kiswahili chake cha Kenya. Dai limeanguka. Sasa tizama maisha ya huyo Mbajuni wako wa haki. Vita vimemtoa Kisimayu kwa jahazi, kaingia Mombasa, kakaa kambi ya Utange mpaka ilipofungwa, kahamia mitaani, kaoa huko huko. Anafika London na miaka kumi ya Mombasa kinywani. Ripoti itasema nini?

MAALIM: Itasema Mombasa.

WAKILI: Na haitakuwa imeongopa, lakini mtu atakuwa kadhulumiwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya waombaji wawili wanaojulikana kwa herufi tu, MN na KY, waliodai kutoka Somalia na wakakataliwa kwa ripoti za namna hiyo. Majaji walisema ripoti ya lugha haina uzito wake uliokatwa kabla. Ipimwe pamoja na ushahidi mwingine wote. Wakasema pia mchambuzi wa matamshi asijitie kuhukumu kama mtu anaijua nchi yake, maana hiyo si fani yake.

NAHODHA: Mie sikujilipua. Nlikuwa Mpemba na n'kasema Mpemba.

Hapo Maalim alinyamaza, na si kwa adabu tu. Kwa msomaji aliyezaliwa baadaye: baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000, chama cha upinzani cha CUF kilitangaza maandamano ya kudai urudiwe. Ijumaa ya tarehe 26 Januari 2001 damu ilimwagika Mwembetanga, hapa mjini Unguja, na Jumamosi ya tarehe 27 askari waliwapiga waandamanaji risasi za moto Pemba na Unguja. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa wasiopungua 35 na waliojeruhiwa zaidi ya 600. Kiasi cha watu 2,000 walikimbilia Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea Warundi, Wakongo, Wanyarwanda na Wamsumbiji, ikawa na wakimbizi wake nje. Mkapa mwenyewe, aliyekuwa rais wakati huo, katika kitabu chake cha mwaka 2019, aliyataja mauaji yale kuwa doa la urais wake.

NAHODHA: Shimoni tulipokewa. Wale Wavumba ni jamaa zetu, bahari yao ndiyo bahari yetu. Kisha tukaambiwa hapa mko karibu mno na mpaka, tukapakiwa mabasi kwenda kambi ya Dadaab. Mvuvi jangwani! Lakini nataka kusema la mahojiano. Afisa aliniuliza kwa upole, sina la kumlaumu. Mlitoka saa ngapi? Askari mliwaona wangapi? Nani alikuwa wa mbele? N'kajibu. Siku nyengine akaja mwengine, akauliza yale yale. Mara ya kwanza nlisema tulitoka kabla ya Magharibi. Mara ya pili n'kasema usiku wa manane. Mara zote mbili nlikuwa nasema kweli, ndivyo nlivyokumbuka siku hiyo. Na liko jambo moja sikulisema mara ya kwanza, wala ya pili, wala hapa silisemi.

NESI: Usiliseme, kaka yangu. Lakini na niwaambie nyinyi wengine alichokisema. Mwaka 2002 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakimbizi wa Kosovo na Bosnia. Hawa walikuwa wamekwisha kukubaliwa kukaa, hawana faida ya kuongopa. Wakahojiwa mara mbili juu ya mambo yale yale. Matokeo? Maneno yalipishana. Yaliyopishana zaidi ni yale ya pembeni, saa, rangi, idadi, si kiini cha tukio. Na walioumia sana nafsi, kila muda baina ya mahojiano ulivyorefuka ndivyo maelezo yalivyozidi kuachana. Sasa afisa anasoma daftari mbili, anaona kabla ya Magharibi na usiku wa manane, anaandika: mwombaji haaminiki.

MAALIM: Kwa hiyo kila penye mkanganyiko tuseme mgonjwa? Mwongo naye hujikanganya, Bi Nesi. Mimi nimesahihisha mitihani miaka mingi, najua.

NESI: Mwongo aliyefunzwa hajikanganyi, Maalim. Hadithi ya kununua hunyooka. Tarehe zimo, saa zimo, jina la mtaa limo.

WAKILI: Shangazi, hapo usinitie mahakamani. Siwezi kumwambia jaji kwamba maelezo yakipinda ni ya kweli na yakinyooka ni ya uongo. Ninachoweza ni kumwomba asiutumie mkanganyiko peke yake.

Na mimi nilikuwa upande wa Wakili hapo. Nesi alikuwa amevuka kidogo. Lakini aliporudi kwenye kazi anayoijua hakuna aliyemkata.

NESI: Mtu haji hospitali yetu ya Kidongo Chekundu akasema nafsi imeniuma. Anakuja akiwa amekwisha pita kwa sheikh kasomewa, kanywa kombe, pengine kaenda na kwa mganga. Mie siwasemi vibaya, wengine huko hupata utulivu. Akifika kwetu husema kichwa, usingizi, moyo unamwenda mbio, hawezi kukaa chumba chenye mlango uliofungwa. Sasa mchukue huyo umpeleke penye meza, mbele ya afisa, na mkalimani. Mkalimani ni nani? Mtoto wa jirani! Waswahili Uingereza tunajuana. Mwanamke aliyetendwa uovu na askari, na Pemba mwaka ule walikuwapo, hiyo Human Rights Watch iliyaandika, atayasema mbele ya kijana atakayekutana naye harusini Jumamosi? Atasema walivunja mlango wakaiba. Baada ya mwaka akipata mtu wa kumwamini atasema yote, na ataambiwa: mbona hukusema mwanzo?

WAKILI: Ndiyo maana kuomba mkalimani mwanamke, au asiyekuwa wa jamii yake, si ukorofi. Ni haki ya kuombwa tangu siku ya kwanza, na wengi hawaambiwi.

NAHODHA: Mie mkalimani wangu alikuwa Mpemba mwenzangu.

Hatukumuuliza zaidi.

Ikaja zamu ya kizuizini, na hapo Wakili ndiye aliyeshika uzi. Alieleza kwamba Uingereza, tofauti na nchi nyingi za Ulaya, haina ukomo wa siku uliowekwa na sheria kwa walio wengi wa watu wazima wanaozuiliwa kwa ajili ya uhamiaji. Hakuna hukumu, hakuna tarehe ya kutoka. Baadhi ya vituo viko karibu na viwanja vya ndege: Harmondsworth na Colnbrook kwa Heathrow, Brook House kwa Gatwick. Anayesubiri jibu akiwa nje naye haruhusiwi kufanya kazi mpaka dai lake likae mwaka mzima bila uamuzi, na hata hapo kazi zenyewe ni za orodha fupi. Mzanzibari aliyezoea kutuma chochote nyumbani mwisho wa mwezi anaanza kuzima simu.

WAKILI: Ipo Kanuni ya 35 ya vituo vile, ya mwaka 2001. Daktari akiona mtu anaharibikiwa na afya kwa kuzuiliwa, au ana dalili za kutaka kujiua, au huenda aliteswa, lazima aandike ripoti. Na tangu 1999 kuna mwongozo wa Umoja wa Mataifa, Itifaki ya Istanbul, unaomfunza daktari namna ya kuandika kovu na namna ya kuandika hofu. Karatasi hizo zimewatoa watu. Tatizo ni kwamba lazima mtu amwambie daktari, na hatujazoea kumwambia daktari.

MAALIM: Na zikiandikwa zinasomwa?

WAKILI: Si kila mara. Brook House waandishi wa BBC waliingiza kamera ya siri mwaka 2017. Uchunguzi wa serikali uliotolewa Septemba 2023 ulikuta matukio 19 ndani ya miezi mitano ambayo yangeweza kuhesabiwa kuwa ni unyama au udhalilishaji. Ukashauri mtu asizuiliwe zaidi ya siku 28. Serikali haikukubali ukomo huo.

MAALIM: Sasa umenisaidia mimi. Kama huko ndiko kulivyo, kwa nini tunawapeleka watoto wetu? Gurnah kaliandika hili. *By the Sea*, 2001. Mzee Saleh Omar anatua Gatwick na jina la mtu mwengine kwenye pasi, kafunzwa ajifanye hajui Kiingereza, na kitu cha kwanza afisa anachomchukulia ni kikasha chake cha udi. Kajilipua mzee mzima! Na Gurnah ni wa hapa hapa, kaondoka ana miaka 18, na Nobeli ya 2021 kapewa kwa kuyaandika haya.

WAKILI: Maalim, umesoma kitabu ukaishia uwanja wa ndege. Jina lilikuwa la uongo, lakini huyo mzee alikwisha fungwa miaka na miaka nchini mwake bila kosa. Pasi ya uongo na dhiki ya kweli zimekaa ndani ya mtu mmoja. Ndiyo kesi zangu zilivyo, karibu zote.

Jibu hilo nililipenda, na Maalim, kwa kumtendea haki, alicheka. Niongeze jambo ambalo hawakulitaja. Wapo watu wa kujitolea wanaowatembelea waliozuiliwa karibu na Gatwick tangu miaka ya 1990. Hawana mamlaka ya kumtoa mtu. Wanakaa naye, wanamuuliza hali, wanarudi wiki ya pili. Mwaka 2015 walianza matembezi ya miguu wakisimulia hadithi za waliozuiliwa, na kitabu cha kwanza cha *Refugee Tales*, kilichotoka 2016, kina hadithi iliyoandikwa na Gurnah.

MAALIM: Basi nirudi kwenye historia, huko hamtanipinga. Januari 1964 Sultani Jamshid mwenyewe alipanda meli yake, Seyyid Khalifa, akaenda Mombasa, akazuiwa kushuka. Sultani! Ikabidi apite Dar es Salaam, ndipo akapelekwa Uingereza, akakaa Portsmouth miaka zaidi ya 50 kabla ya kuruhusiwa Oman mwaka 2020. Wengine walitoroka kwa ngalawa usiku, na waliokamatwa walijua wanakwenda wapi. Hiki ni kisiwa kilichotoa wakimbizi wa kila tabaka. Halafu sisi wenyewe tukipata wa kwetu wa kuwahifadhi tunafanya nini? Wahabeshi wanaopita Tanzania kwenda Afrika Kusini, wakikamatwa ni jela, kosa kuingia bila kibali. Juni 2012 maiti zaidi ya 40 za Wahabeshi zilikutwa zimetupwa mkoani Dodoma, walikosa hewa ndani ya lori. Mimi sikusikia hitma hapa Unguja.

WAKILI: Uhamiaji ni jambo la Muungano, Maalim, Unguja haina...

MAALIM: Hitma si jambo la Muungano, mwanangu.

Hilo ndilo neno lililotuuma wote. Nilikwenda nalo nyumbani, na linahitaji kuongezewa pacha wake. Katika mwaka ule ule wa 2012, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliwarejesha Zanzibar watu 38 waliokuwa Mogadishu. Walikuwa mabaki ya mkumbo wa 2001: walipotoka Dadaab wengi walirudi nyumbani, hasa baada ya CUF na chama tawala cha CCM kutia saini Muafaka wa tarehe 10 Oktoba 2001, lakini wachache waliogopa kurudi, wakavuka kwenda Somalia. Walikaa zaidi ya miaka kumi katika mji ambao wenyeji wake walikuwa wakiukimbia kwa maelfu. Watoto wao walizaliwa huko. Kipimo cha hofu yao ni hicho: Mogadishu ya vita waliiona afadhali kuliko Wete, kwao Pemba.

NESI: Watu wale walipokewa, wakapelekwa kwao, basi. Nani aliwauliza tena baada ya mwezi? Baada ya mwaka? Sisi hapa tunamlaumu afisa wa London kwamba hasikilizi. Jamaa akirudi, tunampigia hodi siku tatu, tunamletea halua, tunamuuliza zawadi iko wapi. Akianza kukaa peke yake chumbani tunasema karogwa huko.

NAHODHA: Au kashindwa maisha. Mwenye kurudishwa bila begi ndiye ambaye hata ndugu hawamsemi.

MAALIM: Sawa. Lakini nawauliza tena swali langu, mmelikwepa. Aliyejilipua, mkamjua kajilipua, mnamsaidia?

WAKILI: Uongo wake siubebi. Akiniambia ni Mzanzibari, siwezi kusimama mbele ya jaji nikamwita Mbarawa, leseni yangu itakwenda. Nitamwambia aseme kweli na tuone kweli yake ina dai gani. Mara nyingi inalo. Hata akiwa hana, ana haki ya kutopigwa, ya daktari, ya kurudishwa kwa heshima.

NESI: Mie mgonjwa simuulizi kwanza kama ni mkweli.

MAALIM: Mimi bado nasema awajibike.

NAHODHA: Awajibike, Maalim. Lakini wewe hukulala Dadaab.

Hawakukubaliana, na sitawapatanisha kwa kalamu. Rai yangu ni hii. Maalim ana haki kusema kwamba uongo una aliyeumia, na aliyeumia si Mwingereza, ni Mbajuni. Lakini yeye na wanaojilipua wameshika imani moja, kwamba dai la hifadhi ni hadithi na msaada ni hadithi nzuri zaidi. Jamaa wa London wanatuma sauti kwa WhatsApp: sema hivi, usiseme vile, ongeza kwamba ulifungwa. Msaada huo umewaangusha hata waliokuwa na dai la kweli, kwa sababu mtu aliyeumia hawezi kubeba hadithi mbili kichwani, yake na ya kupewa. Akiulizwa mara ya pili zinachanganyika.

Anachohitaji ni watu, na watu hao ni wa kawaida kabisa. Wakili wa mapema, kabla ya mahojiano makubwa na si baada ya kukataliwa. Mkalimani asiyemwogopa. Daktari wa kuandika alichokiona. Mtu wa kumtembelea ambaye hana haja na siri yake. Na akirudi, kwa hiari au kwa pingu, awepo mtu wa kumuuliza hali mwezi wa sita kama alivyoulizwa siku ya kwanza. La mwisho hili halingoji Uingereza wala Muungano. Kidongo Chekundu iko hapa hapa mjini.

Kwa hiyo wewe mwenye ndugu aliyezuiliwa leo, usimtumie maneno ya kusema. Mwambie aseme anachokumbuka, na asichokumbuka aseme hakikumbuki. Mtafutie wakili aliyesajiliwa, si dalali wa makaratasi. Mwambie amwone daktari wa kituo na ataje alivyotendwa, hata kama ataona haya, na aombe iandikwe. Mpigie simu hata akiwa hapokei. Na kama alirudi zamani na mlango wake bado umefungwa mchana, nenda leo ukambishie.